Mkorea wa Uroa

Mwanamke aliyebisha hodi asubuhi ile hakujua kwamba mwenye nyumba amekufa. Alisimama kizingitini na kapu lake la ukindu, mchanga mweupe wa pwani bado umemganda visigino, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kupokewa vizuri:

"Bwana Ubwa yupo?"

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa mkekani, ukumbini, ndani ya kanga zake nyeupe za eda, anachambua mchele wa kumtosha mtu mmoja. Tangu watu wa msiba walipokunja mikeka yao na kurudi makwao, nyumba ile ya Kiponda ilikuwa kimya kiasi cha kusikika bomba la jirani linavyodondoka. Waliobisha mlango wake siku hizi walikuwa wawili tu: jirani aliyemletea mkate, na wifi yake, Mwanakhamis, aliyekuja kumuuliza atahama lini.

"Wewe nani, bibi?" aliuliza.

"Mie Ummkulthum. Nnatoka Uroa. Nampigia simu Bwana Ubwa tangu masika, hapatikani. Nikasema labda kabadilisha namba. Leo nimeona nije mwenyewe."

Uroa. Mkono wa Bi Thuwaiba ulisimama juu ya ungo. Kwa mwaka mzima kabla mumewe hajafa, jina la kijiji kile lilimpita kichwani kila alipomuona Ubwa anachukua funguo za gari. Hakuwahi kulitamka. Sasa lilikuwa limekuja lenyewe mlangoni, limevaa buibui lililopauka, linasubiri jibu.

"Bwana Ubwa amefariki," alisema. "Mimi ni mkewe. Nipo kwenye eda."

Mgeni aliliachia kapu. Aliketi pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Bi Thuwaiba alimtazama. Yeye mwenyewe alishalia mpaka machozi yakamkatikia, na hakuona raha kumuona mwanamke asiyemjua akimlilia mume wake kwa wingi kiasi kile. Lakini mlango wa mfiwa haufungwi mbele ya mtu anayelia.

"Pita ndani," alisema. "Kizingitini si pa kukaa."

Ummkulthum aliingia, akakaa pembeni ya mkeka, akamtakia rehema marehemu na kumpa pole mkewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekauka kwa chumvi, kucha fupi kama za mwanamme. Bi Thuwaiba alivitazama vidole vile na kutafuta alama ya hina. Haikuwepo.

"Ulimjua vipi mume wangu?"

"Kwa gari."

"Gari gani?"

"Mkorea," alisema Ummkulthum, na jina lile likamtoa tabasamu katikati ya machozi. "Mie ninalo kama lake. Namna moja, rangi moja, yalishuka kwenye meli moja. Alipolinunua la kwake, langu lilikuwa limeegeshwa ubavuni. Unguja nzima tulikuwa na magari hayo mawili tu ya rangi ya damu ya mzee. Kila akiniona njiani ananiwashia taa."

Bi Thuwaiba aliusogeza ungo kando.

"Na hilo lako unaliegesha wapi?"

"Nyumbani. Chini ya mti wa mkungu, mbele ya mlango. Sasa lipo hapo hapo, haliendi."

*

Ubwa aliponunua gari la Kikorea, watu walimcheka. Kisiwani karibu kila mtu anaendesha la Kijapani, na kifaa cha gari la Kijapani unakipata Darajani kabla chai haijakupoa. Kwenye egesho la Malindi, ambako Ubwa alilaza gari lake kwa kuwa machochoro ya Kiponda hayapitishi hata mkokoteni, madereva walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema Mkorea ni mwema njiani na mwovu gereji. Mwengine alikuwa na shemeji yake Dar es Salaam, ana Mkorea wa miaka ya karibuni, hajawahi kulala naye njiani hata siku moja, na kiyoyozi chake kinagandisha meno. Wa tatu alijibu kuwa yeye pia ana shemeji, na Mkorea wake sasa anafugiwa kuku. Ubwa alicheka nao. Alikuwa ametoka kustaafu kazi ya bandarini na alisema amechoka kupanda magari ya kila mtu. Alitaka laini, la kumpeleka mke wake matembezini Ijumaa baada ya sala.

Wakaenda, Ijumaa nyingi. Hawakujaaliwa watoto, na ndani ya gari lile walizungumza kuliko nyumbani. Mpaka siku Mwanakhamis alipokuja na kusema, huku akipepea uso kwa ncha ya mtandio, "Wifi, sipendi kusema. Lakini gari la kaka liko Uroa, limeegeshwa chini ya mkungu kwa mwanamke. Nimeliona kwa macho yangu. Nani mwengine ana gari lile?"

Siku ile Ubwa alikuwa amesema anakwenda Bububu. Aliporudi, mkewe hakumuuliza kitu. Alimuandalia chakula, akakaa mbali naye, na Ijumaa iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Ijumaa ya pili pia. Baadaye Ubwa aliacha kumwambia ajitayarishe. Alizichukua funguo peke yake na kusema tu, "Haya, naenda." Ndivyo walivyoishi tangu hapo, wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimuonea haya mwenzake kwa jambo ambalo mmoja wao hakulijua.

*

"Yalikufikia maneno?" Ummkulthum aliuliza, kwa sababu uso wa mwenyeji wake ulikuwa umebadilika.

"Maneno gani?"

"Ya mie na Bwana Ubwa. Kwetu yapo. Walimuona amekuja mara mbili na fundi wake, wakaniambia nimepata mume wa mjini. Nikawajibu, mume wa mjini ningempata, ningelima mwani?" Alicheka kidogo, kisha akaona kuwa anacheka peke yake. "Mie mume ninaye, bibi. Kalala na kiharusi. Na Bwana Ubwa, kila akija, mazungumzo yake ni gari na wewe. Mara gari, mara wewe."

Bi Thuwaiba aliuvuta ungo, akausukuma tena. Kisha akasema kwa ukali kuliko alivyokusudia, "Umekuja kutaka nini?"

"Kitu changu," alisema Ummkulthum. "Naona haya. Ningejua kuna msiba nisingekuja hivi. Lakini nshafika."

Akaeleza. Wakati wa masika, maji ya mvua yaliingia ndani ya gari la Ubwa na kuharibu kontroli boksi, kijisanduku cheusi kinachokaa chini ya usukani na kuamrisha gia. Bila ya hicho gari linanguruma tu, haliendi. Madukani hakikuwepo, na fundi alisema cha kuagiza kitachukua miezi. Ubwa akaenda Uroa kwa gari la abiria, chini ya mvua ile ile.

"Akanambia, 'Ummkulthum, mke wangu yupo hospitali, amefanyiwa operesheni, kesho anaruhusiwa. Sitaki arudi kwa gari la kukodi lenye kurusharusha, na tumbo lina nyuzi. Langu ndilo laini.' Nikamwambia chukua. Nikakichomoa mwenyewe. Alisema atanirejeshea kabla msimu wa mwani haujaanza, na siku ya kukirejesha atakuja na wewe, mle pweza kwangu. Nikamngoja. Simu ikawa haipatikani. Mungu anisamehe, nilidhani ananikimbia."

Bi Thuwaiba aliikumbuka safari ile. Ubwa alikuwa amemfungulia mlango wa mbele, na kiti amekilaza kidogo, na mto juu yake. Yeye akasema, "Nitakaa nyuma." Akakaa nyuma, mkono tumboni, akatazama nje njia nzima. Gari halikumtikisa hata pale penye mashimo ya Mwanakwerekwe. Ubwa alikuwa akimtazama kwenye kioo, anataka kusema kitu, na yeye hakuyapokea macho yake. Wiki haikupita, Ubwa akaanguka njiani akitoka msikitini alfajiri, na watu wakamleta amebebwa.

"Nitajuaje kama ni kweli?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu yeyote anaweza kuja akasema."

"Kikono chake cha kushikia kilivunjika zamani. Nikakifunga kwa kamba yetu ya kufungia mwani, ya buluu, mafundo matatu. Kifunuliwe chini ya usukani, kamba itaonekana. Kama haipo, mie muongo, nifukuze."

Bi Thuwaiba alimtazama tena mikono. Gari lilikuwa lake sasa. Katika kugawana urithi, ndugu za Ubwa walichukua kiwanja na fedha za benki, na wao wenyewe wakapendekeza mjane achukue gari, fungu lake lote. Walisema wanamfikiria. Kila mtu aliyekuwepo alijua kwamba hakuna aliyemtaka Mkorea.

"Eda yangu inakwisha wiki ijayo," alisema mwisho. "Nikitoka, pa kwanza kwenda ni Malindi. Nitaangalia mwenyewe. Kamba ikiwepo, nitakuletea mpaka kwako. Mpaka siku hiyo gari haliendi popote."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema."

Ummkulthum alifungua kapu, akatoa pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amemletea Ubwa. Akamuweka mkekani, akaaga.

*

Mwanakhamis alipata habari kabla ya adhuhuri, kwa kuwa jirani wa mkate alikuwa na ulimi. Alifika akihema, akavua viatu, akakaa.

"Kaka kafa, sasa ndo wanaanza kutokeza. Nilikwambia mie. Huyo ndo wa chini ya mkungu."

"Ana gari kama letu, wifi. Ulichokiona ni gari lake."

Mwanakhamis alijipepea kwa ncha ya mtandio. Aliitazama dari. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na jambo peke yake, na hakuwahi kufikiri jambo linakwenda wapi baada ya kumtoka.

"Hayo kasema yeye," alijibu. "Na wewe umeyaamini, kwa pweza mmoja. Haya, tuyaache. Kuna habari nzuri. Borafya kapata mteja."

Borafya alikuwa dalali wa magari. Baada ya alasiri alikuja, akasimama nje ya mlango, kwa kuwa mwanamke wa eda hakai na mwanamme wa kando, na Mwanakhamis akashusha pazia baina yao.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba."

"Mungu amrehemu mzee. Alikuwa mtu wangu. Nilimwambia, mzee, nunua Mjapani, siku ya kuuza utanishukuru. Akanambia, 'Borafya, kwani nani kakwambia nitauza?'" Alicheka nyuma ya pazia. "Lakini mwenye bahati habahatishi mara moja. Nna mtu wa Pemba. Alikuwa na Mkorea Dar, anamsifu kama mtu anayesifu mke wa kwanza. Anasema hajawahi kumlaza njiani, mafuta anakula kidogo, viti kama kitanda. Amelisikia hili linavyonguruma, juzi ulipompa fundi Usi funguo akalipa moto na kulisogeza mbele na nyuma. Linakwenda, bi mkubwa. Miezi yote hii limelala na linakwenda. Anataka kulipa leo, kesho anaondoka nalo kwa meli."

Akataja bei. Mwanakhamis alishika kifua. Bi Thuwaiba aliifikiri bei ile. Nyumba ile haikuwa yao, ilikuwa ya wakfu, na bei ile ilikuwa inalipa kodi yake kwa muda wa kutosha, na inabaki ya jiko kubwa la mikate. Alikuwa ameshaliwaza jiko hilo usiku mwingi. Angepika vileja na keki za ndizi, angewapa watu wa maduka ya Hurumzi wamuuzie, na asingelazimika kwenda kukaa chumba cha nyuma kwa Mwanakhamis, Fuoni, ambako angekuwa bibi wa kuombwa awatazame watoto na kuulizwa kama ameshakula kwa sauti ya kusikiwa na wageni.

"Anaweza kungoja wiki moja?"

"Hangoji. Amepata jengine Fumba, la Kijapani. Roho yake ipo kwa hili, lakini miguu yake ipo melini."

"Na likikosa kontroli boksi, atalichukua?"

Nyuma ya pazia Borafya alisogea karibu na mlango.

"Nani kakufundisha neno hilo, bi mkubwa?" Borafya aliuliza. "Likikosa hiyo, hilo si gari tena. Ni bati. Bati linauzwa kwa kilo."

"Basi mwambie mteja wako ahsante."

"Thuwaiba," Mwanakhamis alisema. Hakumwita wifi.

"Kuna kitu cha watu ndani ya gari, kimefungwa kamba ya buluu. Nimesema halitauzwa mpaka nikiangalie."

"Nipe funguo nikakuangalizie mie. Sasa hivi. Nikikuta kamba, nitakwambia nimekuta."

"Hata mie naweza kuangalia," alisema Borafya, haraka kidogo.

Bi Thuwaiba alikuwa na funguo ndani ya pindo la kanga. Alizishika kwa nje, akahisi meno yake.

"Mara ya kwanza niliona kwa macho ya watu," alisema taratibu. "Safari hii nitatazama kwa yangu."

Mwanakhamis alielewa. Uso ulimshuka. Kisha aibu yake ikageuka hasira, kwa kuwa hasira ni nyepesi kubeba.

"Kwa neno la mwanamke wa mwani."

"Kwa neno langu mie."

"Haya. Chumba cha Fuoni nilikipaka chokaa kwa fedha zangu. Usije ukasema hukupewa pa kukaa." Akatoka, akamkuta Borafya chochoroni, na Bi Thuwaiba akawasikia wanavyokwenda wakizungumza, mpaka sauti zao zikageuka kona.

Jioni ile alimchoma pweza juu ya makaa. Alikuwa mtamu. Alikula nusu, nusu akaifunika kwenye sahani, kama alivyozoea, kisha akakumbuka kuwa hakuna wa kumuwekea.

*

Siku ya kutoka eda, majirani walimkogesha, wakamvisha nguo nyengine na kumfukiza udi. Mwanakhamis alikuja pia, akashika chetezo. Walipomaliza kunywa kahawa, Bi Thuwaiba alivaa buibui, akatoka. Jua la nje lilimuumiza macho. Machochoroni watu walimsalimia na kumpa pole upya, na yeye aliitikia huku akitembea karibu na kuta, kama mtu anayejifunza njia.

Gari lilikuwa pembeni ya egesho, chini ya turubali. Madereva waliokuwa wanacheza bao waliinuka.

"Karibu, bi mkubwa. Umekuja kumuona Mkorea wako."

"Nimekuja."

"Hatukumuacha. Kila wiki tunamfuta vumbi. Tunamtukana, lakini tunamfuta," alisema mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kiua. Wenzake wakacheka kwa adabu.

Fundi Usi alikuwa ameshaitwa. Waliondoa turubali, naye akafungua mlango wa dereva na kulala chini ya usukani na bisibisi yake. Bi Thuwaiba alizunguka upande wa pili, akafungua mlango wa mbele wa abiria. Kiti kilikuwa kimelazwa kidogo. Mto ulikuwa juu yake, ule ule wa siku ya hospitali. Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na kipepeo chake cha ukindu cha kujipepea, alichokisahau Ijumaa yao ya mwisho na kukitafuta nyumba nzima.

"Alikuwa hampakii mtu hapo," alisema yule wa kofia, aliyekuja kusimama nyuma yake. "Siku nyengine anabeba wageni wa hoteli, watu wanne, anawabana wote nyuma. Tunamuuliza, mzee, mbele pana nini? Anatwambia, pana mwenyewe. Tukimwambia, mwenyewe mbona hatumuoni siku hizi? Anasema, atarudi, kichwa kinamuuma."

Bi Thuwaiba alikishika kipepeo kwa mikono miwili. Yule mtu alingoja kidogo, kisha akarudi kwenye bao lake.

"Bi Thuwaiba," aliita fundi Usi kutoka chini. "Kipo. Kina kamba."

Aliinama kutazama. Kamba ilikuwa ya buluu, imepauka, mafundo matatu, na chembe mbili tatu za mchanga mweupe bado zimo ndani ya nyuzi zake.

"Kitoe."

"Nikikitoa, haliondoki hapa, unajua?"

"Najua. Kitoe."

Fundi alikitoa, akakipangusa kwa shati lake, akampa. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, kinaenea kiganjani. Bi Thuwaiba alikifunga kwenye kitambaa, pamoja na kipepeo, akaenda zake kutafuta gari la abiria la Uroa.

*

Aliteremka barabarani na kuulizia njia. Mtoto wa kike aliyebeba ndoo alimuonesha kwa kidevu, bila kuuliza sana: kwa Ummkulthum wa gari. Bi Thuwaiba alifuata kichochoro cha mchanga baina ya nyumba za mawe ya matumbawe, akapinda, akasimama.

Lilikuwa pale. Chini ya mkungu, mbele ya mlango, rangi ya damu ya mzee, na majani mekundu ya mkungu yameanguka juu ya paa. Alikuwa ameliwaza mahali pale mara nyingi kuliko alivyowahi kuwaza mahali popote, na kila kitu kilikuwa kama alivyoambiwa. Gari lao alikuwa ameliacha Malindi muda si mrefu, halina nguvu ya kuondoka. Alilisogelea lile jengine, akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto kwa jua. Alisimama hivyo muda mrefu, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya arubaini, akimlilia Ubwa aliyekuwa akitoka peke yake kila Ijumaa na kiti kitupu ubavuni.

Ummkulthum alitoka ndani akifuta mikono. Alingoja mlangoni mpaka mgeni wake alipomaliza.

"Nimekuletea," alisema Bi Thuwaiba, akafungua kitambaa.

Ummkulthum alikipokea kijisanduku kwa mikono miwili. "Na gari lenu?"

"Borafya atalipeleka mizani, liuzwe kwa kilo."

"Thuwaiba." Ummkulthum alikaa juu ya mzizi wa mkungu. "Nilijua kitakugharimu, sikujua kama ni vyote. Utakaa wapi?"

"Fuoni, kwa wifi yangu. Tokea mwezi ujao." Alijaribu kutabasamu. "Chumba kina chokaa mpya."

Ummkulthum aliinamisha kichwa, akakigeuzageuza kijisanduku. Hakukirudisha, kwa sababu kilikuwa chake na alikihitaji. Ndani mumewe alikuwa anakohoa. Kando ya ukuta magunia ya mwani mkavu yalikuwa yamerundikwa mpaka dirishani, ya kwake na ya wanawake wengine waliokataa kumuuzia mnunuzi wa ufukweni kwa bei aitakayo. Walikuwa wanangoja gari.

Alilala chini ya usukani mwenyewe, akakipachika. Mara ya kwanza gari lilikohoa. Mara ya pili likawaka, likanguruma kwa sauti ambayo Bi Thuwaiba angeitambua popote, sauti ya kumaliza sala ya Ijumaa na kuulizwa, leo twende wapi? Mlango wa jirani ulifunguliwa, mwanamke akapiga kigelegele kimoja kifupi. Mwengine akatoka na gunia kichwani, hata hajaitwa.

Walikula pweza wa nazi, wanawake wawili na mgonjwa, na sahani ya nne ikabaki katikati ya mkeka, Ummkulthum aliitoa kwa makosa au kwa kusudi, na hakuna aliyeiondoa.

Baada ya alasiri magunia yalishapakiwa. Ummkulthum alisema atampitisha mjini kabla ya kwenda kwa wanunuzi, na kwamba Alkhamisi zote atakuwa anapita na mwani, na Fuoni ipo njiani, atapiga honi. Bi Thuwaiba alisema vizuri. Hakujua kama wataendelea kuonana au kama ni maneno ya kuagana tu.

Nyuma palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja, kando ya magunia. Ummkulthum alimfungulia mlango wa mbele, kisha akasita, akakumbuka alivyoelezwa zamani, na mtu aliyekuwa akizungumzia gari na mke wake kwa zamu, kwamba kiti cha mbele mke huyo siku hizi hakikalii.

"Au utakaa nyuma?"

"La," alisema Bi Thuwaiba. "Nitakaa mbele."

Akaingia, akaweka kipepeo mapajani, akafunga mkanda.